Alexander Bain, Fundi Aliyeendesha Saa kwa Udongo

Muhula uliopita saa ya ukutani ya maabara yetu ilisimama saa nne na dakika ishirini, ikabaki hivyo majuma mengi. Haikuharibika. Betri yake ndogo tu ndiyo iliyokwisha, na mtu aliyepewa kazi ya kununua nyingine alikuwa akisahau kila aendapo Mbinga mjini. Mtu huyo ni mimi, na wanafunzi hawakukosa kunikumbusha. Hata siku moja kijana wa kidato cha pili akaniuliza kama hatuwezi kuiendesha saa ile kwa malimau, maana alisikia ya kuwa limau lina umeme. Nikamjibu ya kuwa limau halina umeme wa kwake, lakini alikuwako mtu zamani aliyeendesha saa kwa udongo. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nina deni la kuwasimulia habari za mtu huyo, na leo mhariri wa gazeti letu amenipa nafasi ya kulilipa.

Jina lake ni Alexander Bain, Mskoti. Mafundi wa saa na wa simu duniani wanamjua sana, ingawa huku kwetu hatajwi mara nyingi. Yafaa niwaonye mapema ya kuwa walikuwako Waskoti wawili wenye jina hilo hilo katika karne moja. Mmoja alikuwa mwanafalsafa na mwalimu wa chuo kikuu huko Aberdeen. Huyo siye. Mwanafunzi atakayetafuta habari katika maktaba au katika intaneti asije akaniletea insha ya mwanafalsafa akidhani ameandika habari za fundi.

Bain wetu alizaliwa mwaka wa 1810 katika wilaya ya Watten, jimbo la Caithness, kaskazini kabisa ya Uskoti. Mskoti mwenzake, David Livingstone, ambaye twamjua kwa kufika katika Ziwa letu la Nyasa mwaka wa 1859, alizaliwa miaka mitatu baadaye. Caithness ni nchi ya upepo mwingi na miti michache, na watu wa huko zamani walikuwa wakichimba udongo mweusi wa mboji, wakiukausha na kuuchoma kama kuni. Baba yake alikuwa mkulima mdogo mwenye shamba la kukodi. Watoto walikuwa kumi na watatu nyumbani, na Alexander alikuwa pacha. Dada pacha wake aliitwa Margaret. Shuleni hakung'aa hata kidogo. Nayasema haya kwa kuwa ndivyo yalivyoandikwa, wala sipendi mtu yeyote wa kidato cha kwanza ayafanye kuwa kisingizio.

Alichopenda kijana huyu ni saa. Kwa hiyo akapelekwa katika mji wa Wick kujifunza kazi kwa fundi wa saa aliyeitwa John Sellar. Mwaka wa 1830, mwezi wa Januari, alisikia ya kuwa katika mji wa Thurso kutakuwa na hotuba juu ya mwanga, joto na umeme. Huko kaskazini mwezi wa Januari jua huchwa mapema, mnamo saa kumi alasiri, na baridi ni kali. Bain akaenda kwa miguu zaidi ya maili 10 akasikilize hotuba ile, akarudi. Sisi tunaokaa milimani twaijua safari kama hiyo, maana wako wazazi wetu waliopanda na kushuka milima hii kwa miguu wakiwahi shule. Lakini Bain hakuwa akifuata cheti wala mtihani. Alikuwa fundi mwanagenzi wa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemwamuru kwenda. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuacha kufikiri juu ya umeme.

Ili mpate kuelewa alichokuwa akifikiri, sharti kwanza niseme kidogo juu ya saa na betri za zamani zile. Saa za wakati ule zilikwenda kwa nguvu ya jiwe au chuma kilichoning'inizwa kikashuka polepole, au kwa nguvu ya kamani iliyokazwa kwa ufunguo. Ikiwa mwenye saa amesahau kukaza, saa husimama. Tena saa mbili katika nyumba moja hazikubaliani kamwe, hii inakimbia na hii inachelewa. Betri nazo zilikuwa changa. Ya kwanza ilitengenezwa na Mwitaliano Alessandro Volta, aliyeitangaza mwaka wa 1800. Alipanga vipande vya zinki na vya shaba au fedha, kimoja juu ya kingine, na katikati akatia kitambaa au karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukapita mfululizo, jambo ambalo halijaonekana kabla ya hapo. Lakini betri ya namna ile hudhoofika upesi, na mafundi waliofuata walitumia vyombo vya asidi, vitu vya hatari kuvitia sebuleni mwa mtu chini ya saa yake.

Mwaka wa 1837 Bain alihamia London, akafanya kazi ya kibarua wa ufundi katika mtaa wa Clerkenwell, uliokuwa mtaa wa mafundi wa saa. Mchana alitengeneza saa za watu. Nafasi aliyopata alikwenda kusikiliza hotuba za sayansi. Akapata wazo ambalo leo laonekana dogo, kumbe lilikuwa kubwa: saa isiendeshwe na jiwe wala kamani, iendeshwe na umeme, na saa moja iliyo sahihi iweze kuamuru saa nyingi kwa njia ya waya, zote ziseme wakati mmoja.

Wazo alikuwa nalo, fedha hakuwa nazo. Mwaka wa 1840 alijulishwa kwa Charles Wheatstone, profesa mashuhuri wa King's College, London, mmoja wa waanzilishi wa simu ya waya ya kupeleka habari. Bain akamwonyesha mifano ya saa yake na ya mtambo wake wa kuchapa habari kwa umeme. Kwa maelezo ya Bain mwenyewe, profesa alimshauri asijisumbue tena na saa ile kwa kuwa haikuwa na faida. Fundi akaenda zake. Baada ya miezi michache tu, Novemba ya mwaka ule ule, Wheatstone alisimama mbele ya Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, akaonyesha saa ya umeme akisema ni uvumbuzi wake.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Wheatstone alikuwa mtu wa akili nyingi, naye alishikilia ya kuwa jambo hilo alilifikiri mwenyewe. Lakini Bain, ingawa shule alikuwa nayo kidogo, alikuwa amefanya jambo moja la busara. Kabla ya Novemba, pamoja na fundi mwenzake John Barwise, alikuwa amekwisha peleka serikalini maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, na hataza hiyo ikatolewa Januari 1841. Karatasi ile ndiyo iliyomwokoa, kama mtakavyoona.

Mwaka huo wa 1841 ndipo alipofika katika udongo. Bain alichukua bamba la zinki na bamba la shaba, akayazika ardhini penye unyevu, yakiachana kama meta moja, akaunganisha kila bamba na waya, akazileta nyaya zile kwenye saa yake. Alipata nguvu ya volti moja hivi. Ni kidogo sana, lakini saa ikaenda. Hapakuwa na chombo cha asidi. Betri ilikuwa bustani.

Wengi wakisikia hayo hudhani ardhi ina umeme unaochotwa kama maji ya kisima, na wako watu hata leo wanaotangaza umeme wa bure kutoka ardhini. Sivyo. Kinachotoa nguvu ni zinki. Katika udongo wenye unyevu zinki huliwa polepole, kama bati linavyoliwa na kutu, na katika kuliwa huko huacha nyuma chembe ndogo mno za umeme. Chembe hizo hukimbilia kwenye shaba ukizipa waya wa kupitia, na katika safari hiyo hufanya kazi. Unyevu wa udongo hukamilisha mzunguko. Shaba haipungui, zinki hupungua, na siku zinki itakapokwisha saa itasimama. Na limau ni vivyo hivyo: maji yake makali hufanya kazi ya udongo, lakini anayelipa gharama ni msumari wa zinki uliochomekwa ndani. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana ya kuwa limau halina umeme wa kwake.

Saa yenyewe ilikuwa ya ajabu kwa unyenyekevu wake. Saa zenye timazi inayokwenda huku na huko mmeziona katika picha. Kwa kawaida jiwe huendesha magurudumu, na magurudumu huisukuma timazi. Bain aligeuza kazi. Kichwa cha timazi yake kilikuwa duara la waya uliozungushwa mara nyingi, na pembeni aliweka sumaku. Umeme ukipita katika waya, duara lile huwa sumaku kwa kitambo na kusukumwa kidogo. Timazi yenyewe, katika kwenda na kurudi, ilifunga na kufungua njia ya umeme, hivyo ikajisukuma kila mara, na timazi ndiyo iliyoendesha magurudumu na mishale. Kwa kuwa msukumo ule ulikuwa mdogo mno, nguvu dhaifu ya mabamba mawili yaliyozikwa ilitosha. Nadhani hapa ndipo ulipokuwa ufundi wake hasa. Wengine walikuwa wakitafuta betri kubwa zaidi. Yeye alitengeneza saa isiyohitaji nguvu nyingi.

Saa zetu ndogo za leo zinafuata njia hiyo hiyo. Ndani yake mna kipande cha jiwe la kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mtambo mdogo huhesabu mitetemo hiyo na kuusukuma mshale mara moja kila sekunde kwa waya uliozungushwa na sumaku. Umeme unaotumika ni kidogo hata betri moja ya tochi yaweza kuiendesha mwaka mzima na zaidi.

Mwaka wa 1843, tarehe 27 Mei, Bain alipata hataza ya jambo jingine ambalo peke yake lingetosha kumpa mtu jina. Aliweka timazi mbili katika miji miwili, ziende pamoja sawasawa. Ya kwanza ilipita juu ya herufi za chuma, na kila ilipogusa chuma umeme ulipita katika waya hadi mji wa pili, ambako timazi ya pili ilikuwa ikipita juu ya karatasi iliyotiwa dawa. Penye umeme karatasi ikabadilika rangi. Mstari baada ya mstari, umbo la herufi likatokea upande wa pili. Huo ndio mwanzo wa faksi, miaka zaidi ya thelathini kabla ya simu ya kuongea. Mwaka wa 1846 alitengeneza pia simu ya waya iliyosoma matundu katika utepe wa karatasi. Ilipojaribiwa Ufaransa ilipeleka maneno 282 kwa sekunde 52, mwendo ambao hakuna mkono wa mtu aliyekuwa akigonga simu angeweza kuufikia.

Mwaka huo huo wa 1846 kesi ya zamani ikafufuka. Kampuni ya simu iliyotumia uvumbuzi wa Wheatstone iliomba sheria yake ipitishwe katika Bunge la Uingereza. Bain akapinga, na Malodi wakamwita atoe ushahidi. Mtoto wa mkulima wa Caithness akasimama mbele ya wakubwa wa nchi, akaeleza alimwonyesha nani nini, na mwezi gani. Malodi walimsikiliza, na kampuni ikaona afadhali ipatane naye. Ikamlipa maelfu ya paundi na kumpa kazi, naye Wheatstone akajitoa katika kampuni ile kwa hasira.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha ya Bain hayakuishia hapo. Fedha zile hazikukaa. Alikwenda Marekani kueneza simu yake, akagongana na Samuel Morse, aliyekuwa na hataza zake na mawakili wazuri. Kesi zikafuatana, na Bain akashindwa. Mtu aliyezoea kutengeneza kitu hadi kiende hakuelewa, nadhani, ya kuwa mahakamani kitu chaweza kwenda vizuri na bado ukakipoteza. Akarudi Uingereza na fedha zimekwisha, akawa tena fundi wa kutengeneza saa za watu. Miaka ikapita, na watu waliotumia uvumbuzi wake hawakujua hata kama yu hai.

Katika mwaka wa 1873 wanasayansi wachache wakubwa, miongoni mwao William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lodi Kelvin, walipata habari za hali yake, wakamwombea msaada kwa Waziri Mkuu Gladstone. Akapewa pensheni ya paundi 80 kwa mwaka. Mwili wake ulikuwa umekwisha dhoofu na sehemu kupooza. Siku zake za mwisho alikaa katika nyumba ya wagonjwa wasioponyeka huko Broomhill, karibu na mji wa Kirkintilloch, akafa tarehe 2 Januari 1877. Kaburi lake liko katika mji huo.

Nilipowasimulia wanafunzi habari hizi walinyamaza kwa muda, kisha wakauliza lini tutaanza kuchimba. Basi tukaanza. Zinki tuliipata katika vipande vya bati la kuezekea, maana bati jipya limepakwa zinki juu ya chuma. Shaba tuliipata katika nyaya nene za umeme zilizobaki katika ujenzi, tukazimenya. (Naonya hapa: mtu asipasue betri kuukuu ili kupata zinki. Baadhi ya betri za siku hizi, hasa zile za simu za mkononi, huwaka moto zikitobolewa.) Siku ya kwanza tulizika jozi moja nyuma ya maabara, na mita ikaonyesha volti 0.9. Saa yetu inataka 1.5, haikwenda. Vijana wakazika jozi ya pili kando ya ile ya kwanza na kuziunganisha kwa kufuatana, wakitarajia 1.8. Mita ikabaki karibu pale pale. Walikasirika sana, na mimi nilifurahi, maana kosa hili lafundisha kuliko ubao. Jozi mbili katika udongo mmoja ni kama betri mbili katika sufuria moja la supu. Umeme hupita ovyo chini kwa chini. Kila jozi yataka udongo wake peke yake.

Tukaleta vyungu vitatu, tukavijaza udongo mweusi kutoka katika ngolo za shamba la jirani, ambao hushika unyevu vizuri kuliko udongo mwekundu wa uwanjani. Jozi za vyungu viwili zikatoa volti 1.7, lakini saa ilipofungwa nguvu ikashuka na mshale ukawa ukitetemeka mahali pamoja. Tulipoongeza chungu cha tatu, mshale ukaruka.

Kijana mmoja wa kutoka upande wa machimbo aliuliza kama hatuwezi kutumia makaa ya mawe ya Ngaka mahali pa shaba, kwa kuwa ndani ya betri ya tochi mna kijiti cheusi cha kaboni. Ni swali zuri. Makaa ya mawe kama yatokavyo ardhini hayapitishi umeme vizuri. Sharti yachomwe kwanza kwa moto mkali pasipo hewa, yawe koki. Tulijaribu kwa jiwe bichi la makaa, mita haikusogea. Koki hatujapata bado.

Tangu hapo saa ya maabara inakwenda. Imesimama mara mbili, zote mbili mwishoni mwa juma lenye jua kali, udongo ulipokauka. Bati la chungu cha kwanza limeanza kuonyesha kutu nyekundu, maana zinki yake inakwisha, na litabadilishwa muhula ujao. Vyungu viko chini ya dirisha la mashariki. Zamu ya kumwagia maji ni ya kidato cha pili, kila Jumatatu na Alhamisi kabla ya gwaride, nusu kikombe kwa kila chungu, na tafadhali yasiwe maji ya sabuni. Wazazi watakaokuja siku ya mkutano wanakaribishwa kuitazama. Betri ya dukani nimekwisha inunua, nayo iko katika mtoto wa meza yangu, lakini wanafunzi wamekataa nisiitie.